Nguzo na Nakshi: Majina ya Picha za Arusi

Mpigapicha anapopewa kazi ya arusi hupewa na orodha. Juu huandikwa picha ambazo zikikosekana mama wa biarusi hatamsamehe; chini huja zile ambazo zikipatikana watu watazitolea mfano. Picha zenyewe msomaji anazijua. Kinachonishughulisha ni majina yake. Orodha nyingi za Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi siku hizi zimejaa maneno ya wageni, ilhali arusi zetu zilikwisha kuvipa vitendo vyake majina kabla kamera haijatia nanga pwani. Dai langu ni fupi: jina zuri la picha humwambia mpigapicha asimame wapi na amwangalie nani, na majina ya namna hiyo tunayo tele.

Tuanze na jina la shughuli. Kiarabu kina “arus”, yule anayeingia katika ndoa, na “urs”, sherehe anayofanyiwa. Sauti ya kwanza ya maneno hayo, ayn, hatuna; basi wapo walioanza na irabu tupu wakasema “arusi”, na wapo walioitanguliza h wakasema “harusi”. Kamusi zinayapokea yote mawili. Nashika “arusi” kwa kuwa ndiyo iliyoganda ndani ya “biarusi”, neno la pwani lenye adabu ya “bi” na wepesi wa silabi nne. Tena tusiusahau wingi wake, “maarusi”, unaowabeba wawili kwa pumzi moja. Orodha inayoandika “picha ya bwana harusi na bibi harusi wakiwa pamoja” ingetosheka na “picha ya maarusi”.

“Picha” ilitoka kwa Waingereza, ikalainishwa, ikaingia katika ngeli ya I-ZI na kutulia. Sina ugomvi nayo. Ila ina ndugu wawili wa Kiarabu waliotangulia kufika, “sura” na “taswira”, wote wa mzizi mmoja wenye maana ya kutia umbo. Sura ikawa uso. Taswira ikawa picha isiyoshikika, ile inayojengwa na mshairi kichwani mwa msikilizaji. Mgawanyo huu ni mali, tuuhifadhi: sura ni kilichokuwa mbele ya kamera, taswira ni alichokiona mpigapicha akilini kabla hajabonyeza, na picha ni kilichopatikana. Ile ya mtu mmoja, yenye kumtambulisha uso wake na mwonekano wake, naomba tuiite “picha ya wajihi”.

Kitendo chake ni “kupiga”. Kitenzi hiki hakikuumbiwa maumivu peke yake: tunapiga hodi, pasi, magoti, kura, simu na chapa. Palipo na tendo la mkato lenye kuacha alama, Kiswahili hupiga. Sasa “kuchukua picha” kunaenea, na chanzo chake ni sarufi ya Kiingereza. Anayechukua huondoka na kitu, na aliyechukuliwa hupungukiwa. Kupiga kuna ukarimu zaidi: mwenye kamera husema “nimepiga picha”, na shangazi aliyesimama mbele yake husema vilevile, “nimepiga picha na biarusi”. Lugha imewahesabu wote wawili kuwa watenda. Ndani ya kitenzi kimoja mna adabu nzima ya kazi hii.

Anayeifanya ni “mpigapicha”, na “mpigaji picha” haifai. Kiambishi -ji hukaa pale ambapo kitenzi hakifuatwi na kitu: mwimbaji, mchezaji. Kitu kikitajwa, -ji hujiondokea: mwimba taarabu, mcheza ngoma, mla nyama. Watu wa Lubumbashi, waliopokezwa chombo hiki kwa Kifaransa, husema “foto”. Neno ni jingine, kazi ni ileile.

Sasa mafungu mawili ya orodha. Fungu la kwanza huitwa “picha muhimu”, lakini “muhimu” imetumika mno hata imechujuka. Mikutano yote ni muhimu na matangazo yote ni muhimu. “Picha za lazima” inanuka amri. Fungu la pili huitwa “picha za ubunifu”, na hapo pana kivuli kingine: hadithi ya kubuni ni ile ambayo haikutokea, ilhali picha nzuri kuliko zote arusini ni ya jambo lililotokea kweli. Napendekeza “picha za nguzo” na “picha za nakshi”. Nguzo ni neno la Kibantu, nakshi tumeipata kwa Waarabu, na nyumba za Lamu na Unguja zimeyaweka yote mawili chini ya paa moja. Nyumba isiyo na nakshi mlangoni bado husimama. Nakshi bila nguzo haina pa kuchongwa.

Jina “nakshi” linamfaa hata fundi wa zamani. Omar Said Bakor wa Lamu, aliyezaliwa 1932 na kufariki 1993, alijulikana kwa kukata picha na kuziunganisha hadi zikazaa picha ya tatu ambayo jicho halijapata kuiona. Kazi ile ni uchongaji. Anayetaka kuieleza kwa “ubunifu” tu hajakosea, ila hajaonyesha mkono uliofanya kazi; nakshi inauonyesha.

Nguzo ya kwanza ni biarusi kabla hajatoka. Orodha huiandika “kujiandaa”. Mtu hujiandaa kwa mtihani, kwa safari, kwa usaili wa kazi. Biarusi “hupambwa”. Tazama kauli ya kutendwa inavyofanya kazi: ikisemwa “kupambwa”, tayari pana mikono ya wengine ndani ya fremu, somo au kungwi akiwa begani, dada akishika kioo. Ikisemwa “kujipamba”, yuko peke yake. Mpigapicha anayesoma “kupambwa” hatawaomba wanawake wale wapishe. Na “mpambe”, ambaye katika kumbi nyingi sasa hutembea tu ubavuni mwa biarusi, anakumbushwa na jina lake kwamba limetokana na kupamba.

Ndani ya kupambwa mna majina madogo, na kila moja ni picha yake. “Singo” ni mchanganyiko wa manukato anaosuguliwa biarusi mwilini. “Liwa” ni msandali uliosagwa. “Hina” huacha wekundu, “piko” huacha weusi, na mkono wenye hina hauombi mwanga uleule unaoombwa na mkono wenye piko. Anayeandika “picha za vitu vidogovidogo” amevitupa vyote katika kapu moja. Kama fungu zima linataka jina, liwe “picha za vipambo”. Lakini kipambo chenye jina lake kiitwe kwa jina lake.

Hapa linakuja neno ambalo orodha za kigeni hazina. Shughuli za wanawake pwani, kama kupamba kwa Mombasa, kesha la hina na taarabu ya ndani, zina mpaka wake: kamera ya mwanamume haivuki, na mara nyingi simu huachwa mlangoni. Picha zikipigwa, hupigwa na mwanamke na kubaki mikononi mwa wenyewe. Aina hii naiita “picha za sitara”. Sitara ni kinachofunika, na kumsitiri mtu ni kumlindia heshima yake. Watu huziita “picha za siri”, na hapo wanaziponza, kwa kuwa siri ina harufu ya kosa. Picha ya sitara haina kosa. Ina wenyewe. Mpigapicha aliyeikuta ndani ya orodha anajua tangu mwanzo kuwa hii haitundikwi mtandaoni wala haiwekwi kwenye tangazo la kazi yake.

Kisha maarusi wanaonana, mmoja amekwisha pambwa, mwingine amekwisha vaa. Wengi huandika “mtazamo wa kwanza”, tafsiri ya neno kwa neno, nayo imepotoka: mtazamo kwetu ni maoni, rai ya mtu juu ya jambo. Ningetamani “ufunuo”, maana shela hufunuliwa, lakini neno hilo limekwisha keti mwishoni mwa Biblia na hatuwezi kulikalia tena. Basi “picha ya kuonana”, yenye -ana ya kutendana, inayomdai mpigapicha nyuso mbili. Uso mmoja ukikosa, kuonana hakukuwako.

Pwani ilikuwa na neno jembamba zaidi la dakika hiyo, “kipamkono”, zawadi anayotoa bwana arusi anapompa biarusi mkono kwa mara ya kwanza. Lina ndugu zake: “kifungua mlango”, anachotozwa mlangoni ili aingie, na “kiosha miguu”, anachotozwa kwa kuoshwa miguu. Angalia ufundi wa maneno haya: ki-, kitenzi, na kitu chake. Ndiyo kanuni iliyotupa “kifungua kinywa”, “kiinua mgongo” na “kitinda mimba”, na bado inazaa. Kila neno la aina hii ni fremu iliyokwisha pangwa, na tendo na mahali vimo ndani yake. Picha ya kipamkono ni ya viganja viwili. Ya kifungua mlango ni ya kizingiti, wasichana waliokiziba, na mkono wa bwana arusi ukielekea mfukoni.

Tukifika kwenye ndoa yenyewe, sarufi inafanya kazi ya kamera. Mume huoa, mke huolewa, wawili huoana, na mzazi au walii huozesha. Kitenzi kimoja, kauli nne, picha nne. “Picha ya kuozesha” ina wanaume wawili, walii na bwana arusi, mkono ndani ya mkono, na mara nyingi biarusi hayumo chumbani. “Picha ya kuoana” ni ya wenyewe wawili. Orodha ikiandika “picha ya ndoa” na kuishia hapo, mpigapicha asiyejua mila atamtafuta biarusi msikitini. Kiambishi kimoja kingemwepusha na taabu hiyo.

Tendo lile la mikono lina jina jingine, “akdi”. Kwa Kiarabu ni fundo, na kutoka hapo ni mkataba. Sisi nasi tulikuwa na fundo letu: twasema “kufunga ndoa”. Lugha mbili zisizo na nasaba ziliitazama ndoa na zote zikaona kamba. Ndiyo maana picha ya akdi hudai viganja vilivyofumbatana, hata ikiwa nyuso nazo zinapendeza. Kanisani fundo hilo huwa duara: “kuvishana pete”. Visha ni kumfanya mwingine avae, -ana ni kurudishiana. Basi picha moja haitoshi, zinatakiwa mbili.

Baada ya hapo huitwa watu kwa makundi. “Picha ya pamoja” ni jina zuri lisilohitaji kuguswa: pa ni mahali, moja ni moja, na wote wamefika hapo. Kinachohitaji uangalifu ni nani anaitwa. “Familia” imezoea kuwa baba, mama na watoto. “Aila”, kama wasemavyo Unguja, ina joto la ndani zaidi. “Jamaa” inafungua mlango kwa binamu na marafiki. “Ukoo” ukiuita, ukumbi hautatosha. Zaidi ya hayo tuna vyeo ambavyo ni hazina ya arusi: mawifi, mashemeji, wakwe, na yale maneno mawili yanayofifia, “mavyaa” na “bavyaa”, mama mkwe na baba mkwe. Mtangazaji akiita “upande wa bwana arusi” huja umati. Akiita “mawifi” husimama wanawake wanaojijua, na picha hiyo itakumbukwa na nyumba mbili.

Wakisimama, huambiwa waweke “pozi”. Neno limeingia na limekaa, watu wanakula pozi kila kona. Lakini tazama tulivyokuwa navyo: “mkao” na “msimamo” kwa mwili ulivyowekwa, “miondoko” kwa mwili unaotembea, “maringo” kwa anayejivuna, “mikogo” kwa anayetaka kutazamwa, na “madaha” kwa uzuri ulioshikwa kwa upole. Studio ya N. V. Parekh huko Mombasa ilipiga picha za watu wa mji tangu miaka ya 1940 hadi ya 1980, wakiwemo mabiarusi, na ukizitazama utaona tofauti ya maneno haya kwa macho: huyu ana maringo, yule ana madaha. Mpigapicha anayesema “biarusi, madaha kidogo” ameomba kitu anachoweza kupewa. Aliyesema “pozi” ameacha kazi yote kwa mwenziwe.

Kinyume cha mkao ni picha ya mtu asiyejua kuwa anapigwa. Huitwa “picha ya kuvizia”, kitenzi cha mwindaji na cha mwizi. Wengine hupenda “kunasa tukio”, na kunasa ni kwa mtego. Babu anayecheka hadi machozi si windo. Naomba tuigeuze shingo ya neno, limtazame anayepigwa badala ya anayepiga: “picha ya kujisahau”. Mtu aliyejisahau ameachia uso wake, hajitazami tena. Najua kitenzi hiki hutumika pia kumlaumu aliyelewa cheo. Arusini kitapata maana yake njema, kwa kuwa furaha ndiyo inayomsahaulisha mtu nafsi yake.

Jioni maarusi huongozwa ufukweni kwa ajili ya “saa ya dhahabu”. Neno hili limetafsiriwa bila kusikilizwa. Kwa Kiswahili, saa ya dhahabu huvaliwa mkononi, na mjomba akiisikia atauliza imenunuliwa wapi. Lugha iliyogawa siku kuwa alfajiri, mapambazuko, mawio, mafungulia ng'ombe, adhuhuri, alasiri, machweo na magharibi haiwezi kukosa jina la mwanga. “Picha za machweo” zinatosha jioni, “picha za mawio” asubuhi. Na mwanga wenyewe wa rangi ya asali uitwe “jua la kuchwa”, maana kitenzi “kuchwa” kina mwendo: kinamharakisha mpigapicha.

Jua likiwa nyuma ya maarusi, nyuso hupotea na kingo za miili hubaki. “Picha kivuli” haifai, kwa kuwa ofisi zimekwisha itwaa kwa “nakala kivuli”. Nimesikia “umbovuli” likipendekezwa, lakini vuli ni mvua, na atakayelisikia ataangalia mawingu. Turudi kwenye “umbo”, mtoto wa kitenzi “umba”. Giza limeondoa yote isipokuwa namna mtu alivyoumbwa. “Picha ya umbo”, basi.

Nakshi nyingine zipite haraka. Iliyopigwa kupitia kioo au maji ni “picha ya kiooni”, na -ni ya mahali inatosha kueleza kuwa maarusi wako ndani ya kioo. Inayopigwa na droni, ambayo Tanzania wengine huiita “ndege nyuki”, ni “picha ya angani”: tuitaje kwa mahali pa jicho, mashine zitabadilika. Mashine hubadilika na maneno hubaki. Watu bado “husafisha picha” bila tone la maji, na bado huomba “mkanda wa arusi” wakati hakuna kanda. Maneno haya hayajachakaa. Yamekuwa kumbukumbu ya ufundi uliotangulia, na Capital Art Studio, iliyofunguliwa Unguja mwaka 1930, ni ya kizazi kilichosafisha picha kwa maji kweli.

Nimeiweka mwisho picha ya binti akiondoka kwao. Bara imezoeleka “sendofu”, na sherehe nzima hupewa jina hilo. Lakini “kuaga” kuna mzao wa ajabu. Anayekwenda huaga, anayebaki humuaga, wote wawili huagana. Na katika “agana” ndimo lilimotoka “agano”, ahadi isiyovunjwa. Wazee waliona kwamba watu wanaotengana vizuri huwa wamepatana juu ya jambo. Kwa hiyo picha ya mama na binti wakiagana na picha ya maarusi wakiwekeana agano ni matawi mawili ya kitenzi kimoja. “Picha ya kuagana” inastahili kuwa nguzo, na mpigapicha asiyeiweka asubuhi hiyo kwenye orodha hataipata jioni.

Mabaraza ya Kiswahili, BAKITA tangu 1967 na BAKIZA kwa upande wa Zanzibar, yana kazi ya kusanifu na kueneza lugha. Istilahi za arusi, hata hivyo, husanifiwa Jumamosi, na anayezipitisha ni shangazi mwenye orodha mkononi. Kwa hiyo namkabidhi msomaji kipimo kimoja. Andika kila picha kwa kitenzi cha arusi: kupambwa, kuonana, kuozesha, kuoana, kuvishana, kuagana. Inayokubali kitenzi ni nguzo. Ipewe mtu, muda na mahali. Inayokubali jina la mwanga, kioo au anga peke yake ni nakshi. Ipigwe nguzo zikishasimama. Na kama kwenu Pemba, Tanga, Goma au Maskati mna kitenzi cha arusi ambacho sikukitaja, kiongezeni kwenye orodha kabla ya kumpa mpigapicha, maana bila shaka kuna picha inayokingoja.